Oppi Untracht na Usomi Unaoanzia Mezani pa Sonara

Kidani, dhahabu na vito, Jaipur, karne ya 19. Vibandiko vya namna hiyo vimejaa katika makumbusho, na mtazamaji huondoka akidhani ameelezwa. Hajaelezwa kitu. Dhahabu hiyo ni ya karati ngapi, na je, iliyo pembeni ya vito ni sawa na ile ya umbo lenyewe? Vito vimeshikwa na nini, maana hakuna kucha wala ukingo uliokunjwa? Mgongo wa kidani una maua ya enameli ambayo mvaaji peke yake ndiye anayejua yapo. Yalichomwa kabla ya vito kuwekwa au baada yake? Na ndani ya kile kinachoonekana kuwa pande zito la dhahabu, kuna dhahabu kweli?

Oppi Untracht alitumia miaka 40 ya uandishi kujibu maswali ya aina hiyo, kuanzia kitabu chake cha enameli cha mwaka 1957 hadi kile cha mapambo ya India cha mwaka 1997. Wapo waliomzidi kwa kusoma nyaraka za kale, na wapo masonara waliomzidi kwa mkono. Ila ni wachache mno waliokaa kwenye viti vyote viwili. Msimamo wangu kuhusu kazi yake ni huu: maelezo ya pambo hayajakamilika mpaka fundi mwingine aweze kulitengeneza upya kwa kuyafuata. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya maandishi kuhusu vidani, pete na bangili inaanguka, na ya Untracht inasimama, ingawa nayo ina nyufa zake.

Alizaliwa New York mwaka 1922, akawa mfua metali, mwalimu wa ufundi na mpiga picha katika mji huohuo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda India kwa ufadhili wa Fulbright, na safari hiyo ndiyo iliyompindua. Tangu hapo Asia Kusini haikutoka tena katika kazi yake, iwe India au Nepal. Alimwoa Saara Hopea, mbunifu wa Kifini aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye tayari alikuwa na jina kwa glasi alizobuni katika kiwanda cha Nuutajärvi miaka ya 1950, alikofanya kazi na mbunifu mwenzake Kaj Franck. Saara alitoka katika familia ya masonara wa mji mdogo wa Porvoo, na huko ndiko wawili hao walikohamia mwishoni mwa miaka ya 1960. Saara alifariki mwaka 1984. Miaka minne baadaye Untracht alichapisha kitabu juu ya maisha na kazi ya mkewe. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2008.

Katikati ya maisha hayo kuna vitabu viwili ambavyo mafundi wengi huvitaja hata kama hawajui sura ya mwandishi: kile cha mbinu za metali cha mwaka 1968, chenye zaidi ya kurasa 500, na Jewelry Concepts and Technology cha mwaka 1982, kinachopita kurasa 800. Mtu akikiangusha hicho cha pili mguuni atakumbuka.

Si jambo dogo kwamba alianzia kwenye enameli. Kazi nyingine za sonara humruhusu fundi kusahihisha: waya uliopinda hunyooshwa, kiungo kilichoachia hulehemiwa tena. Enameli haina huruma hiyo. Ni kioo kilichosagwa, kikapakwa juu ya metali na kuchomwa mpaka kiyeyuke na kuishika. Chembe zinazotumika zaidi ni zile zinazopita kwenye chekeche lenye matundu 80 kwa inchi. Husuuzwa kwa maji safi tena na tena hadi maji yanayomwagwa yawe hayana utusitusi. Vumbi laini likibaki, enameli iliyokusudiwa kupitisha nuru hutoka na ukungu, na hakuna kuuondoa. Baada ya kupakwa lazima ikauke kabisa. Ikiingia tanurini na unyevu, maji huchemka, hurusha chembe, na bamba hubaki na mabaka wazi.

Tanuri huwa kati ya nyuzi 750 na 850 za Selsiasi, na uchomaji mmoja wa kipande kidogo huchukua dakika 2 au 3. Fundi haangalii saa, anaangalia uso: kwanza ni chembechembe, kisha unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa, halafu unalala na kung'aa. Ukitoa kwenye hatua ya vinundu, hujamaliza. Ukichelewa, kingo hugeuka nyeusi pale shaba inapojitokeza kupitia kioo kilichokuwa chembamba.

Halafu kuna kosa ambalo wanaoanza hulifanya karibu wote. Wanapaka upande mmoja tu. Shaba nyekundu inapopoa husinyaa kuliko kioo kilicho juu yake, kwa hiyo bamba jembamba hupinda na kioo hupasuka au kubanduka, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kazi kuwekwa kabatini. Dawa yake ni kupaka mgongo pia, ili mvutano ulingane pande zote mbili. Mtu aliyelelewa na ufundi wa namna hii hujifunza kuandika sababu kando ya kila hatua, kwa kuwa hatua isiyo na sababu msomaji ataiona ya hiari na kuiruka. Tabia hiyo ya kuandika inaonekana katika kurasa zote za Untracht zilizofuata.

Sasa turudi kwenye kidani cha Jaipur, maana hapo ndipo tofauti kati ya mtazamaji na fundi inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine popote.

Ufundi huo huitwa kundan, na siri yake iko kwenye mfuatano wa kazi. Kwanza hutengenezwa umbo tupu la bamba la dhahabu, vipande vikifuliwa na kulehemiwa pamoja, na vishimo vikiachwa pale vito vitakapokaa. Pili, mnakshi huchimba mgongo wa umbo hilo kwa patasi ndogo, akiacha kuta nyembamba za dhahabu kati ya rangi na rangi. Tatu, enameli hujazwa katika mashimo hayo na kuchomwa, rangi moja baada ya nyingine kwa kadiri zinavyostahimili moto. Nyeupe hutangulia. Nyekundu ya Jaipur, ile inayotafutwa kuliko zote, huwa ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoharibika upesi. Ikichomwa mapema na kurudishwa tanurini kwa ajili ya rangi nyingine, hugeuka hudhurungi iliyokufa.

Tanuri likishamaliza kazi yake ndipo lakiri inapoingia. Hii ni utomvu wa wadudu wa miti, huyeyushwa na kujazwa ndani ya umbo tupu ili bamba jembamba lisibonyee na kito kipate pa kukaa. Lakiri hulegea chini ya nyuzi 100. Kwa hiyo swali lililoachwa na kibandiko, enameli kabla au baada, lina jibu moja tu: kabla. Hakuna namna ya kuchoma enameli kwa nyuzi 750 juu ya kitu kilichojazwa lakiri. Mtu anayejua hilo akiona kidani ambacho enameli ya mgongo imekarabatiwa kwa moto, anajua bila kuambiwa kwamba vito vyote viling'olewa na kuwekwa upya, na hivyo jaribosi na dhahabu inayovizunguka si za siku kilipotengenezwa.

Jaribosi yenyewe ni karatasi nyembamba ya metali inayong'aa, huwekwa chini ya kito ili kurudisha nuru. Almasi za kazi hii ni vipande bapa ambavyo havikukatwa nyuso nyingi, na bila kioo hicho cha chini zingeonekana za kijivu. Kwa zumaridi na rubi, jaribosi hutiwa rangi ili kukoleza kito kilichopauka. Wengine huuita udanganyifu. Mimi naona ni sehemu ya ubunifu wa pambo, mradi muuzaji asiwe anatoza bei ya kito kilichokolea chenyewe.

Mwisho ni dhahabu ya kundan yenyewe. Husafishwa mpaka ikaribie karati 24, ikafuliwa kuwa ukanda mwembamba mno. Fundi hukata kipande kidogo, hukisukuma kwa kalamu ya chuma kwenye ufa ulio kati ya kito na ukuta, huongeza kingine juu yake, hukandamiza, huongeza tena. Hakuna moto wala lehemu. Tabaka hizo hushikana zenyewe kwa shinikizo katika joto la kawaida la chumba, kwa sababu dhahabu safi haifanyi kutu juu ya uso wake: sehemu mbili safi zikikutana kwa nguvu, metali haijui tena mpaka ulikuwa wapi. Ukitumia karati 22, shaba na fedha zilizomo huifanya iwe ngumu kadiri inavyokandamizwa, na tabaka zinakaa kando kando bila kuungana. Hata dhahabu safi ikiguswa na kidole chenye mafuta, pale palipoguswa patafumuka. Ndiyo maana dhahabu inayovizunguka vito si ile ya umbo. Karati ni mbili katika pambo moja, na anayechukua kipimo mahali pamoja tu na kuandika namba hiyo kwenye kumbukumbu ameandika nusu ya ukweli.

Madhara ya kutojua haya si ya kinadharia. Kidani cha kundan kikitumbukizwa kwenye chombo cha kusafishia kwa mawimbi ya sauti, au kikipitishwa kwenye mvuke, lakiri hulegea, vito hucheza, na maji hupenya hadi kwenye jaribosi. Jaribosi ikishapata unyevu huchakaa, na almasi iliyokuwa ikimetameta inakuwa na doa jeusi ambalo hakuna kitambaa kitakachoweza kulifuta, kwa kuwa doa liko nyuma yake. Kifutio sahihi ni kitambaa laini kikavu, au chenye unyevu kidogo kwa upande wa enameli tu. Kitabu cha Untracht cha mwaka 1997, Traditional Jewelry of India, kina thamani kwa wahifadhi kwa sababu hii: kinamwonyesha mtu pambo kama kitu kilichojengwa, chenye ndani na nje.

Upande wa pili wa hoja yangu unahitaji mfano ambapo wasomi na mafundi walikwama pamoja. Mfano huo ni kazi ya chembe ya Waetruski.

Mafundi wa Etruria, nchi ya kale katikati ya Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walipamba dhahabu kwa chembe ndogo za duara, nyingine zikiwa chini ya milimita 0.2, zikiwa zimeshikana na bamba bila alama yoyote ya lehemu kuzizunguka. Katika karne ya 19, familia ya Castellani ya Roma, masonara na wakusanyaji wa vitu vya kale kwa pamoja, walijaribu kuirudisha. Walifika hadi Sant'Angelo in Vado, mji mdogo wa milimani ambako mafundi walikuwa bado wakifanya kazi za zamani, wakawachukua baadhi yao hadi Roma. Walisaga lehemu kwa tupa hadi ikawa vumbi, wakaacha boraksi, unga unaosaidia lehemu kutiririka, na kutumia chumvi za aseniki badala yake. Matokeo yalikuwa mazuri na dunia iliyashangilia. Ila hayakuwa ya Kietruski. Ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia, lehemu imejaa kwenye vitako vya chembe. Lehemu hata iwe laini kiasi gani inapoyeyuka hutiririka kwenye mwanya wowote uliopo, na kati ya chembe elfu zilizopangwa bega kwa bega hakuna kingine ila mianya.

Jibu lilipatikana karne iliyofuata, na lililotolewa hati miliki na Mwingereza H.A.P. Littledale mwaka 1933 ndilo linalojulikana zaidi. Halikutumia lehemu kabisa. Chembe hubandikwa kwa gundi iliyochanganywa na chumvi ya shaba iliyosagwa laini. Kisha kazi huwekwa motoni, na mambo hutokea kwa zamu. Kwenye nyuzi 100 hivi maji yanakwisha na chumvi inaanza kugeuka oksidi ya shaba. Karibu na 600 gundi inaungua na kubaki kaboni. Kwenye 850 kaboni hiyo inanyang'anya oksidi hewa yake, na kinachobaki ni utando mwembamba kabisa wa shaba halisi, mahali hasa ambapo chembe inagusa bamba. Karibu na 890 shaba hiyo inaingia ndani ya dhahabu na kiungo kinafanyika.

Ukitaka kuelewa kwa nini, tazama viwango vya kuyeyuka. Dhahabu safi huyeyuka kwenye 1064, shaba kwenye 1085, lakini mchanganyiko wa takriban dhahabu 80 kwa shaba 20 huyeyuka kwenye 910 hivi, chini ya vyote viwili. Sehemu ya mguso pekee ndiyo inayofikia uwiano huo. Chembe yenyewe inabaki ngumu, bamba linabaki gumu.

Chembe nazo hutengenezwa kwa urahisi unaoshangaza. Waya mwembamba, uliovutwa kwenye chamburo, bamba la chuma lenye matundu, hadi unene uwe sawa kote, hukatwa vipande vya urefu mmoja. Vipande hupangwa katika chungu cha kuyeyushia, tabaka la unga wa makaa, tabaka la vipande visivyogusana, tabaka la makaa tena. Chungu kikipelekwa juu ya kiwango cha kuyeyuka, kila kipande hujivuta na kuwa duara. Kikipoa, makaa huoshwa na chembe hutengwa kwa machekeche kulingana na ukubwa. Mbili zikigusana chungani zinakuwa moja kubwa, basi unga wa makaa usibaniwe.

Mahali kazi inapoharibikia ni pachache na panajulikana. Gundi ikizidi, huchemka na kuhamisha chembe kutoka kwenye mstari. Chumvi ya shaba ikizidi, utando unakuwa mnene na unafurika, unarudi kulekule kwa Castellani. Mwali wenye hewa nyingi huizuia oksidi isirudi kuwa shaba, na chembe zinapukutika kwa brashi ya kwanza. Na joto likipita kidogo tu kiwango chake, chembe zinazama kwenye bamba na duara linakuwa nusu. Kati ya kiungo na kuzama kuna sekunde chache. Dalili anayoisubiri fundi ni mmeto unaopita ghafla juu ya uso wote wa dhahabu. Unapouona ndipo unapoondoa moto, si baada ya kuutafakari.

Untracht hakuvumbua lolote katika hilo. Alichofanya, na wengine hawakukifanya kwa upana huo, ni kuiweka mbinu hii mezani kwa yeyote, pamoja na mbinu za Wajapani za kuunganisha matabaka ya metali za rangi tofauti hadi zitoe mishipa kama ya mbao, na ile ya Kirusi ya kukunjamanisha uso wa fedha kwa moto. Vitu ambavyo hapo awali vilikuwa siri ya karakana, hati miliki au makala ya jarida la akiolojia vilikuwa sasa katika jalada moja.

Mpangilio wa kitabu cha 1982 ndio unaostahili kuchambuliwa zaidi. Hakifuati nchi wala karne. Kinafuata kile ambacho metali inafanyiwa: bamba, waya, bomba; mapambo ya uso yasiyotumia moto, kisha yanayotumia moto; kusubu; kuweka vito; kung'arisha na kutia rangi. Maana yake ni kwamba fundi wa kijijini wa Rajasthan na mbunifu wa Helsinki wanakutana chini ya kichwa kimoja wakiwa wamefanya tendo moja. Huo ni msimamo, ingawa mwandishi hakuutangaza kwa kelele. Kupanga kwa nchi kungeweka Ulaya kwenye ufundi na Asia kwenye mila, kama vitabu vingi vya wakati wake vilivyofanya.

Lakini mpangilio huo una gharama yake. Chukua bidri, kazi ya njumu ya mji wa Bidar katika Dekkan, nyanda za juu za kusini mwa India. Chombo husubiwa kwa aloi ya zinki yenye shaba kidogo, kwa kawaida sehemu 16 za zinki kwa moja ya shaba. Husuguliwa, hupakwa salfeti ya shaba ili uso uwe mweusi kwa muda na mistari ya mnakshi ionekane, kisha huchimbwa, na waya au vibamba vya fedha safi hugongwa ndani ya mifereji. Baada ya tupa kusawazisha, kitu chote kinarudi kijivu, fedha na zinki zikifanana. Hapo hupashwa moto kidogo na kupakwa tope la amonia kloridi na udongo uliochukuliwa kwenye ngome ya zamani ya Bidar. Zinki inageuka nyeusi tii, fedha haiguswi.

Katika mpangilio wa matendo, sehemu ya njumu inakwenda kwenye njumu na sehemu ya kutia weusi inakwenda kwenye rangi. Mantiki ipo. Ila kazi ya bidri inaishi kwa sababu mambo hayo mawili hayatengani: aloi ilichaguliwa kwa ajili ya weusi, na njumu ilichaguliwa kwa ajili ya aloi. Msomaji anayeokota mbinu moja na kuibeba hadi kwenye shaba nyekundu atashangaa kwa nini haimpi ule weusi. Untracht kama fundi alilijua hilo vizuri. Ni umbo la ensaiklopidia lililomfunga mikono. Nadhani ndiyo sababu kitabu cha India, kilichokuja miaka 15 baadaye, ni bora kama usomi, hata kama mafundi wengi wanakiweka kwenye rafu ya picha nzuri. Humo hakulazimika kukata pambo vipande. Aliweza kusema lilivyotengenezwa na linavyovaliwa, na nani, kwa wakati mmoja.

Katika jambo hilo ufundi hueleza hata uchumi wa nyumba. Mapambo mengi ya India ni akiba inayovalika: mali ya mwanamke, inayoweza kuwekwa rehani au kuyeyushwa mambo yakienda kombo. Pambo linalochakaa au lililopitwa na mtindo hurudishwa kwa sonara, hupimwa, huyeyushwa, na metali yake hufanywa jipya. Kwa hiyo vipande vya kale sana ni haba, na umri wa mtindo si umri wa kitu. Umbo la miaka 300 linaweza kuwa limefuliwa mwaka juzi kwa fedha iliyowahi kuwa furungu la bibi.

Uzito ndio thamani, na uzito ndio mahali pa ugomvi. Bangili nono iliyo tupu ndani na kujazwa lakiri inaonekana na kuhisika kuwa nzito kuliko metali iliyomo. Hilo si lazima liwe hila. Bila lakiri bamba jembamba lingebonyea siku ya kwanza. Linakuwa hila pale lakiri inapopimwa kwa bei ya fedha. Kipimo cha kuzamisha majini, kinachofaa kwa kitu cha metali peke yake kwa sababu fedha ni nzito mara 10.5 kuliko maji na dhahabu mara 19.3, hapa hakisemi kitu, maana wastani wa lakiri na metali hautoi jibu la chochote. Kugonga kwa ukucha husaidia zaidi: metali iliyo wazi hulia, iliyojazwa hunyamaza. Na ukitafuta kwa makini ndani ya pete ya bangili au kwenye mgongo wa pambo, kuna tundu lililozibwa ambalo lakiri ilipitishiwa.

Untracht anahitaji pia kusomwa kwa tahadhari. Ufundi wa miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa na mazoea ambayo leo hayakubaliki: lehemu zenye kadimiamu, mabamba ya asbesto chini ya kazi ya moto, dhahabu ya kupakwa kwa zebaki iliyofukizwa. Kadimiamu ikipashwa moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoharibu mapafu, na dalili zake huchelewa saa kadhaa, kiasi kwamba fundi hulala akidhani ana mafua. Badala yake zipo lehemu za fedha zisizo na kadimiamu, na matofali ya kauri. Hata asidi ya kusafishia fedha baada ya moto, sehemu moja ya asidi ya salfyuriki kwa kumi za maji, wengi wameiacha kwa sodiamu bisalfeti ambayo hufanya kazi ileile ikiwa vuguvugu. Na yeyote anayeendelea na asidi halisi aimimine kwenye maji, kamwe asimwage maji juu ya asidi. Koleo la chuma lisiingie humo. Chuma kikigusa asidi yenye shaba, fedha yote iliyomo hutoka na utando mwekundu.

Kuna pia kile ambacho hakuna kitabu kinachokibeba. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha safi kwa 1000, hulainishwa kwa moto kati ya nyuzi 600 na 650, na waandishi wote husema uitoe ikiwa nyekundu iliyofifia. Wekundu huo huonekana kwenye chumba chenye kivuli tu. Karibu na dirisha lenye jua, mtu anayesubiri wekundu ameshapita 700, na fedha yake imekuza fuwele kubwa ndani zitakazopasuka chini ya nyundo.

Kwa fundi wa leo anayefungua kitabu cha 1982, sura za kukata, kufua, kuvuta waya na kuweka vito hazijazeeka hata kidogo. Sura ya kusubu ndiyo yenye mtego, kwa sababu inaonekana haijazeeka. Iliandikwa kwa nta, na leo wengi wanasubu kwa vielelezo vya resini vilivyochapwa na mashine. Nta huyeyuka na kutoka nje ya kalibu kabla haijaungua. Resini haiyeyuki, inatanuka kwanza, na kalibu ya jasi ikipashwa haraka hupasuka kutoka ndani. Kwa hiyo joto lipandishwe polepole zaidi, na kalibu ikae karibu na nyuzi 730 kwa saa kadhaa ili majivu yaishe. Kupandisha juu zaidi ili kufupisha muda hakufai: jasi yenye mabaki ya kaboni ikizidi joto huanza kuvunjika na kutoa gesi ya salfa, na fedha inayomiminwa humo hutoka na vitobo vidogo ambavyo havionekani mpaka umekwisha kuing'arisha.